Ada ndogo niliyojivunia

Mwaka 2012 dalali aliyenionyesha kondo yangu, yaani nyumba ndani ya jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, hapa Silver Spring, Maryland, Marekani, aliiweka habari tamu mwisho. Tulishapita sebuleni, tukafungua makabati ya jikoni, tukachungulia bafu. Tulipofika mlangoni akageuka: "Na ada ya mwezi ni dola 265 tu. Wale wa ng'ambo ya barabara wanalipa 400." Nikatoka pale najiona mjanja. Usiku nikampigia mama Tanga, nikamweleza nimepata nyumba ya bei nafuu na ada yake ndogo. Mama akauliza, "Na paa likivuja, mwanangu, unaezeka na nani?" Nikacheka. Nikamwambia huku kuna chama cha wenye nyumba, hayo yote ni kazi yao.

Chama kilikuwapo kweli. Pesa ndizo hazikuwapo.

Kwa asiyeyajua mambo haya: ukinunua kondo, chako ni kile kilicho ndani ya kuta zako. Paa, ngazi, boila la maji ya moto, mabomba yaliyofichwa ukutani, lami ya kuegeshea magari, vyote hivyo ni vya wote. Kila mwezi unalipa ada, na ada hiyo inagawanyika mara mbili. Fungu kubwa ni la matumizi ya mwaka huohuo: bima, maji, taka, usafi, kuondoa theluji. Fungu la pili linakwenda kwenye mfuko wa akiba, wa vile vitu vinavyokufa mara moja kila miaka 20 au 30. Ada ikiwa ndogo, jua kuna fungu moja limenyimwa, na kampuni ya bima haikubali kunyimwa.

Sheria ya Maryland inampa mnunuzi siku 7 za kughairi tangu apokee makabrasha ya chama: katiba, bajeti, hesabu, hali ya akiba. Mimi siku zangu 7 nilizitumia kusoma masharti ya kufuga mbwa, nami sina mbwa, na rangi za mapazia zinazoruhusiwa kuonekana nje. Ukurasa wa akiba nao niliuona. Uliandikwa dola 27,000. Nikaona ni pesa nyingi, nikafunua ukurasa unaofuata. Sikuigawa kwa 48, idadi ya nyumba zetu. Ningeigawa ningepata dola 562 na nusu kwa kila mlango, na hapo hata dirisha kubwa la sebule hulifungi.

Paa lilianza Februari 2014. Tuna majengo manne ya ghorofa tatu, yaliyojengwa 1974, kila jengo nyumba 12, na paa zake ni bapa. Mimi niko ghorofa ya juu. Niliamka usiku kwa sauti ya tone, nikadhani ni bomba la jikoni, nikalikaza, nikarudi kulala. Asubuhi dari ya chumba cha pili ilikuwa imetuna kama andazi. Fundi aliyekuja aliniambia hilo si paa tena, ni viraka vilivyoshikana mikono. Wiki sita baadaye zikaja barua. Paa zote nne dola 216,000, akiba ipo 31,000, pengo 185,000 ligawanywe kwa wamiliki kulingana na asilimia ya kila mmoja. Fungu langu lilikuwa dola 4,100, ndani ya siku 60. Ukishindwa kulipa, chama kina haki ya kuweka dai juu ya hati ya nyumba yako.

Sisi ni watu wa michango, kwa hiyo mchango wenyewe haukunishangaza. Harusi tunachanga, msiba tunachanga, mtoto wa jirani akifaulu tunachanga. Kilichonichoma ni kwamba nilichangishwa kama vile kumetokea msiba wa ghafla, wakati marehemu alikuwa kitandani miaka kumi na kila aliyepita dirishani alimwona. Mama yangu yumo kwenye kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwao. Wanatoa kidogo kidogo, mwaka mzima, hata mwaka ambao hajafa mtu. Akina mama wale, wengine hawakumaliza hata darasa la saba, walishaelewa jambo ambalo sisi wa kondo, wahasibu na wanasheria tukiwamo, tulikuwa hatujalielewa: kitu ambacho una hakika kitatokea hakiitwi dharura.

Nikaenda mkutano mkuu nikiwa nimewaka. Nikasema sana. Ukisema sana kwenye mkutano wa kondo unajua kinachofuata: nikachaguliwa mhazini.

Hapa ningependa kusema niliingia nikanyoosha mambo. Miaka saba iliyofuata nilifanya makosa yaleyale, safari hii kwa mwandiko wangu mwenyewe.

La kwanza ni theluji ya Januari 2016, ile iliyoufukia ukanda wote wa Washington kwa siku kadhaa. Bajeti yetu ya theluji ilikuwa dola 9,000. Ankara ya mwenye magreda ikaja 31,000. Tulikuwa na njia mbili: kuwaambia watu waongeze, au kuchukua 22,000 kwenye akiba na kuandika kwamba tutazirudisha ndani ya mwaka. Niliandika hiyo ya pili. Sahihi ni yangu. Hazikurudi. Hakuna aliyeiba hata senti, hesabu zilikuwa safi, na pesa ya paa ikayeyuka pamoja na theluji kwenye mfereji.

La pili linaniuma zaidi kwa sababu nililifurahia. Mwaka 2017 mjumbe mmoja wa bodi, mzee mkimya aliyewahi kufanya kazi ya uhandisi, alipendekeza tumlipe mtaalamu dola 3,800 atufanyie tathmini ya akiba: aje ahesabu kila kitu cha pamoja, aseme kimebakiza miaka mingapi, kitagharimu kiasi gani, na tuweke ngapi kila mwaka. Nikamkata: "Tutoe dola 3,800 ili mtu aje kutuambia hatuna pesa?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Yule mzee akakunja karatasi yake akaiweka mfukoni.

Ada ilipanda kutoka 265 hadi 310 katika miaka hiyo, na karibu nyongeza yote ililiwa na bima na maji. Kwenye akiba tuliweka dola 18,000 kwa mwaka, ambayo ni kama dola 31 kwa nyumba kwa mwezi. Kiasi hicho kilitoka wapi? Nilipoulizwa baadaye ilibidi nitafute. Kilikuwa kiasi cha mwaka uliotangulia, ambacho nacho kilikuwa kiasi cha mwaka uliotangulia.

Kisha usiku wa tarehe 24 Juni 2021, kule Surfside, Florida, sehemu ya jengo la kondo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa 98. Sitaki kulifanya jambo lile kuwa jepesi. Jengo haliangushwi na daftari la akiba. Lakini magazeti yalipoanza kueleza yaliyotangulia, nilisoma nikiwa nimesimama. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika juu ya zege lililoharibika. Wamiliki wakabishana miaka kadhaa kuhusu gharama. Mchango maalumu wa takriban dola milioni 15 ulikuja kupitishwa mwaka uleule wa 2021, miezi michache kabla. Mabishano yale niliyafahamu neno kwa neno. Mengine niliwahi kuyasema mimi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Florida ilitunga sheria yake 2022. Huku kwetu, kaunti ya Prince George's ilikuwa imetangulia, ikafuata yetu ya Montgomery, na Oktoba 2022 ikawa sheria ya Maryland nzima: chama cha wenye nyumba kifanye tathmini ya akiba, kiirudie angalau kila miaka 5, na kiweke kwenye bajeti kile ambacho tathmini inasema. Kwa tathmini ya kwanza tulipewa miaka 3 ya bajeti kufikia kiwango.

Mtaalamu wetu alikuja masika ya 2022, mama mmoja wa makamo mwenye gurudumu la kupimia umbali na buti za mvua. Mimi ndiye niliyeshika funguo siku nzima. Nilitegemea mtu wa mahesabu; nikapata mtu wa maswali. Boila hizi zilifungwa lini? Hakuna aliyejua. Akapiga magoti nyuma ya boila, akafuta vumbi kwa mkono wa shati, akasoma kibati: 1998. Lami iliwekwa lini? Ukuta ule wa kuzuia udongo nyuma ya jengo la tatu, umeinama hivyo tangu lini? Nilikuwa nimeupita ukuta ule kila siku kwa miaka kumi. Sikuwa nimeuona umeinama mpaka alipouwekea pimamaji.

Hesabu yake, niliyoidharau mwaka 2017, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Boila zetu zote nne kwa bei ya sasa ni dola 180,000. Maisha yake ni miaka 30. Zimetumika miaka 24. Maana yake tumeshakula 24 kati ya 30, yaani boila za dola 144,000 tumeshazioga, na kiasi hicho kingepaswa kuwa benki leo. Paa za 2014, bei ya sasa 300,000, maisha miaka 24, zimetumika 8: tumekula 100,000. Lami 105,000. Ukuta unaoinama 86,400. Mabomba ya shaba ndani ya kuta yalikuwa mabaya kuliko yote. Maeneo yetu haya yanajulikana kwa shaba kutoboka vitundu vidogo kama vya sindano, na kila fundi bomba wa hapa ana hadithi zake. Yetu yalikuwa ya tangu jengo linajengwa. Bei ya kuyabadilisha 240,000, yamebakiza miaka 2 kwa kukadiria kwa wema.

Ukijumlisha yote, pamoja na vibaraza, taa na ngazi, tulipaswa kuwa na dola 850,000. Tulikuwa na 93,500. Asilimia 11. Watu wa kazi hiyo huhesabu chini ya asilimia 30 kuwa hali dhaifu, na juu ya 70 kuwa nzuri. Asilimia 11 yule mama aliisoma bila kubadilisha sauti, kama daktari aliyezoea.

Kuna methali ya ufa na ukuta ambayo kila mtu huitoa hapa, na mwenyekiti wetu mpya, kijana wa Mombasa, aliitoa. Mimi nadhani kwa akiba haitoshi. Kwenye jengo, hata ukiziba kila ufa kwa wakati, ukuta utajengwa tu. Matengenezo mazuri yanasogeza siku, hayaifuti. Kinachobaki kuamuliwa ni nani atakuwa amelipa siku ikifika.

Swali hilo tuliulizwa waziwazi kwenye mkutano wa Novemba, katika ukumbi wa maktaba. Tathmini ilitaka tutoke dola 18,000 kwa mwaka, twende 40,000, kisha 60,000, kisha 80,000. Juu ya hapo, mabomba yasingesubiri, kwa hiyo tukope 240,000 kwa miaka 10. Kwa nyumba ya wastani ni kutoka 310 hadi karibu 475 ndani ya miaka mitatu. Watu walipiga kelele, na nilizijua kelele zile kwa sababu nilikuwa nimezianzisha. Lakini aliyenyamazisha ukumbi ni bibi mmoja wa jengo langu, mjane, ambaye alinipokea kwa keki ya ndizi siku niliyohamia. Alisimama akishika kiti cha mbele. "Mimi nina miaka 81. Paa la miaka 24 namnunulia nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililiandaa wiki nzima: bibi, hulipii paa linalokuja, unalipia hili lililo juu yako, ile miaka uliyolala chini yake. Aliyehama mwaka 2005 alitumia boila miaka 7 akaondoka bila kulilipia, na deni lake tumelirithi; sisi tusimfanyie hivyo atakayekuja. Ni jibu sahihi na bado nalisimamia. Nililisema. Bibi akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, najua una haki. Nakuambia tu kwamba pensheni yangu haijasoma hiyo karatasi yako."

Tulipiga kura watano wa bodi, tatu kwa mbili. Mimi nilikuwa kwenye wale watatu. Mkopo, kwa katiba yetu, ulihitaji theluthi mbili ya wamiliki, na tuliupata kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine wakati wa baridi. Yule bibi aliuza 2023 akahamia kwa binti yake Delaware. Huwa najisemea kwamba angehama hata hivyo, ngazi zilikuwa zimeshamshinda. Lakini kama tungeanza na dola 40 zaidi kwa mwezi mwaka 2014, mimi nikiwa mhazini mpya mwenye hasira na watu wakinisikiliza, asingekutana na kupanda kwa dola 165 akiwa na miaka 81. Hilo sina wa kumtupia.

Na uuzaji wake wenyewe nusura ukwame. Mnunuzi wa kwanza alikuwa na pesa ya kianzio na kazi nzuri, ila benki yake ilileta dodoso. Tangu Januari 2022 Fannie Mae, ambao hununua mikopo mingi ya nyumba kutoka kwa mabenki, wanataka kujua kama jengo lina matengenezo makubwa yaliyoahirishwa, kama kuna mchango maalumu, na bajeti inaweka asilimia ngapi kwenye akiba. Kipimo walichokuwa wakitumia ni angalau 10. Mimi ndiye niliyejaza. Penye swali la ukuta nikaandika ukweli: umeinama, mhandisi ameuona, kazi itafanyika mwakani. Benki ikakataa. Nilipanda ngazi kwenda kumwambia bibi na nikakaa chumbani kwake muda mrefu. Mnunuzi wa pili alikuja na pesa taslimu, na wenye taslimu wanajua wana taslimu, wakapunguza bei. Wale waliokuwa wakilia kwamba ada kubwa itashusha thamani ya nyumba zetu wakaona kwa macho kitu gani hasa kinaishusha.

Mkopo nao una somo lake chungu. Riba yake hadi mwisho ni karibu dola 80,000. Ukuta mzima wa kuzuia udongo ulitugharimu 90,000. Tulivyokuwa tukijivunia ada ndogo, kumbe tulikuwa tunajenga ukuta wa benki.

Mambo mengine niliyojifunza ni madogo, nayataja kwa haraka kwa yeyote anayechaguliwa mhazini kwa kosa la kusema sana. Akaunti ya akiba iwe mbali na ya matumizi, na kuitoa pesa kuhitaji sahihi mbili. Usikubali neno "tutarudisha" bila tarehe na kiasi kwa mwezi. Pesa ya miaka kumi ijayo isilale kwenye akaunti isiyozaa. Sisi tumeigawa kwenye amana za benki zinazoiva kwa zamu, kila moja karibu na mwaka wa kazi yake. Na andika tarehe. Kila kinachofungwa sasa tunakibandika kibati na mwaka, kwa sababu yule mama mwenye buti alitumia nusu siku kutafuta umri wa vitu ambavyo tulikuwa tukiishi navyo.

Mwaka jana mdogo wangu wa Dar alinipigia, anataka kununua nyumba kwenye ghorofa moja huko Kinondoni. Nyumbani nako sheria ya kumpa mtu hati ya sehemu yake ndani ya jengo ipo tangu 2008, na maghorofa ya kuuziana vipande yanazidi kuota. Alikuwa na furaha. "Dada, lina lifti mbili, jenereta, kisima na pampu yake. Na sevisi chaji ndogo sana, utashangaa." Nikamuuliza lifti ni za mwaka gani. Akasema hajui, ila ni mpya. Pampu? Haijui. Kuna mfuko wowote wa siku lifti zitakapokufa? Kimya. Halafu akacheka kicheko kilekile nilichomcheka mama. "Dada, umeshakuwa Mzungu. Lifti ikifa tutachanga."

Nikamtumia karatasi niliyoichora kwa mkono: safu ya kitu, mwaka kilipofungwa, miaka ya maisha, bei ya leo. Nikamwambia aizunguke nayo, amuulize mlinzi, walinzi ndio wanaojua pampu imeungua mara ngapi. Amejaza mistari minne. Wa lifti bado mtupu, mwenye jengo amemwambia atamtafutia karatasi.

Sisi tathmini inarudiwa 2027. Lami ina zamu yake mwaka huohuo, na safari hii nataka yule mama akiuliza nimpe risiti mkononi. Yule mzee mhandisi bado yuko kwenye bodi. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko cha 2017, na akaniambia ile karatasi aliitunza. Aliileta mkutano uliofuata. Bei ya mabomba, kwa makadirio yake ya wakati ule, ilikuwa dola 150,000.